Nani anamlipa anayegonga kengele? Historia ya plantoni katika sekondari za Kasongo na Kabambare

Kila mwezi wa tisa, masomo yanapofunguliwa, redio zetu za Kasongo na Kabambare hujaa habari za walimu: wenye matrikule na wasio nayo, waliolipwa na wanaongoja. Habari za namna hiyo nimezisoma kwenye mikrofoni mara nyingi. Lakini katika kila sekondari kuna mtumishi ambaye habari zake hazifiki studioni. Ni yule anayegonga kengele, ambayo katika shule nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe. Anapeleka barua za prefe, anafagia ofisi, anachota maji, anafungua madarasa mapema asubuhi na kuyafunga wenzake wakiwa wamekwisha kufika nyumbani. Hapa kwetu tunamwita plantoni. Akilala pale usiku tunamwita zamu. Akiwa na mwandiko mzuri wanampa kiti karibu na karani na kazi ya kupanga fishi za wanafunzi. Mara nyingi majina yote hayo ni ya mtu mmoja.

Wengi wao wanafanya nusu siku. Si kwamba kazi inaisha saa sita mchana. Malipo ndiyo yanayotosha nusu siku, na nusu iliyobaki mtu anakwenda shambani, anaendesha pikipiki ya mwenzake, au anakaa kwenye meza ya kuuza sabuni na chumvi.

Jambo lake limenisumbua zaidi mwaka huu kwa sababu ya hesabu moja nyepesi. Watoto walioingia darasa la kwanza mwezi wa tisa 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure, na ambao hawakurudia darasa, wameingia darasa la 7 mwezi wa tisa 2025. Ndio wa kwanza kufika sekondari wakiwa wamemaliza msingi wote bila minervali. Wazazi wao sasa wanaambiwa walipe. Na minervali hiyo ya sekondari ndiyo mfuko unaomlipa plantoni. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nimeona ni vizuri tujue mfuko huo ulitoka wapi, maana haukuwako siku zote.

Kasongo ilijua kusoma na kuandika kabla ya Mbelgiji kufika. Katika mji wa Waungwana, ule wa zama za Tippu Tip na mwanawe Sefu, watoto walisoma Kurani chuoni, na Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Askari wa Dhanis waliuteka mji huo mwezi wa nne 1893. Chuoni hapakuwa na plantoni. Wanafunzi wenyewe walileta kuni, walichota maji, walilima shamba la mwalimu, na wazazi walitoa zawadi kadiri ya uwezo wao. Kazi ya kuitunza shule ilikuwa sehemu ya ada. Naomba ukumbuke jambo hilo, kwa sababu tutalikuta tena miaka mia moja baadaye likiwa limevaa nguo nyingine.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mapadri Weupe walifungua misioni Kasongo, na shule ikaja nao. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilikubaliana na misioni za Kikatoliki za Kibelgiji kuzipa ruzuku kwa ajili ya shule. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Waislamu, ambao hapa kwetu ni wengi, hawakupata kitu. Serikali ile iliwaangalia kwa mashaka tangu vita vya Waarabu, na familia nyingi za Kiislamu nazo ziliogopa kwamba mtoto akienda kwa mapadri atarudi amebatizwa. Matokeo yake yanajulikana: watoto wengi wa Kasongo walichelewa kuingia shule za Kifaransa.

Ruzuku ile ilihesabiwa kwa walimu na kwa wanafunzi. Mtu wa kufagia, mpishi wa bweni, mkata kuni, mlinzi wa usiku, hao walikuwa watu wa misioni. Misioni iliwapa posho, nguo, chumvi, wakati mwingine kipande cha shamba. Sehemu kubwa ya kazi walifanya wanafunzi wenyewe, kwa sababu programu ya shule za wakati ule iliweka kazi ya mikono na kilimo kuwa somo. Wazee waliosoma misioni wanakumbuka jembe kama wanavyokumbuka daftari. Hivyo mwanzo wa plantoni wetu uko hapo, kwenye ua wa misioni, akiwa mtumishi wa nyumba ya mapadri zaidi kuliko mtumishi wa shule. Hakuwa na maandishi mengi, lakini alijua nani anamlipa. Padri mkuu alikuwa pale pale, umbali wa hatua mia mbili.

Sekondari zenyewe zilikuwa chache sana mpaka karibu na uhuru. Kasongo ilipata vikariati yake mwaka 1952 na kuwa dayosisi mwaka 1959, na uhuru ukaja Juni 1960 nchi ikiwa na watu wachache mno waliomaliza sekondari. Baada ya hapo kila mtu alitaka sekondari. Zikafunguliwa haraka, mara nyingi katika majengo ya msingi, na kila moja ilihitaji mtu wa kugonga kengele.

Halafu vikaja vita. Wasimba waliingia Kindu Julai 1964, na Maniema nzima ikatikisika. Kasongo ilikaliwa. Upande wa Kabambare uasi ulikaa zaidi, kwa sababu ulishikamana na milima ya Fizi, kule ambako Che Guevara alikuja mwaka 1965 kujaribu kumsaidia Laurent-Désiré Kabila. Wamisionari wa kigeni waliondoka au waliuawa, na shule zikafunga. Ziliporudi, hazikurudi na mapato ya zamani ya misioni. Mtumishi wa ua akaanza kuangalia upande wa serikali.

Na serikali ilionekana kweli kuwa inakuja. Mwisho wa Desemba 1974 Mobutu alitangaza kwamba shule zote za madhehebu zimekuwa mali ya taifa. Padri hakuwa tena mwenye shule. Kwa plantoni hiyo ilikuwa na maana moja: sasa mwajiri wake alikuwa Kinshasa. Haikudumu. Serikali ilishindwa kuziendesha, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia saini mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu kuwarudishia usimamizi. Baadaye kidogo jamii ya Kiislamu nayo ikapata mkataba wake, na Kasongo ikaanza kuwa na shule za mkataba za Kiislamu zinazotambuliwa kama nyingine. Kwa mji kama wetu hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini angalia vizuri mkataba ule uligawanya nini. Shule ilibaki ya serikali, usimamizi ukawa wa dhehebu, mshahara ukawa wa serikali. Mwalimu aliweza kusema: mimi nalipwa na serikali, nasimamiwa na askofu au na mchungaji au na imamu. Plantoni pia alikuwa na nafasi yake kwenye karatasi, kwa sababu orodha ya watumishi wa sekondari ilitambua karani, plantoni na mlinzi. Waliobahatika kuajiriwa wakati huo walipata matrikule. Mpaka leo ukimkuta mzee wa kazi anayelipwa na serikali katika sekondari ya zamani, uliza aliingia mwaka gani.

Mlango huo ulianza kufungwa katika miaka ya 1980. Serikali ilibanwa na madeni, masharti ya IMF yakafuata, na ikaundwa SECOPE, idara ya kuhesabu na kulipa walimu. Kuanzia hapo neno moja likaingia katika Kiswahili chetu na halijatoka: kuwa mekanize, yaani jina lako kuingia kwenye mashine ya mishahara. Aliyeingia anaitwa mekanize. Asiyeingia anaitwa nuveli inite, au kwa kifupi N.U. Shule mpya zilifunguliwa, zikapewa namba za kutambuliwa, lakini watumishi wake walibaki kungoja mashine. Kwa mwalimu kungoja kulikuwa kwa miaka. Plantoni alikuwa nyuma ya mwalimu kwenye mstari, kwa sababu prefe mwenye nafasi tatu za kupeleka Kindu anaweka kwanza mwalimu wa hesabu, na simlaumu.

Kisha mfuko wenyewe ukapasuka. Uporaji wa Septemba 1991, migomo, masomo yaliyosimama miezi na miezi. Noti zikapoteza thamani mpaka mwezi wa kumi 1993 serikali ikatoa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na hiyo mpya nayo ikayeyuka. Mshahara wa mwalimu haukununua hata kikapu cha muhogo. Ndipo wakubwa wa Kanisa Katoliki na chama cha wazazi walipokubaliana kwamba wazazi wachangie moja kwa moja, ili walimu warudi darasani. Mchango huo uliitwa primu. Ulikusudiwa uwe wa muda mfupi, mpaka serikali isimame tena. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo wana watoto wao sekondari, na primu bado iko.

Hapo ndipo plantoni wa leo alipozaliwa. Mzazi aliyeleta makuta, au kuku, au debe la mpunga, alileta kwa ajili ya mwalimu. Kutoka kwenye fungu la mwalimu kikakatwa kipande cha plantoni. Tumerudi chuoni kwa Waungwana, isipokuwa kule mwanafunzi alileta kuni kwa mwalimu mmoja aliyemjua. Sasa mchango wa mzazi una ngazi ndefu: sehemu inabaki shuleni, sehemu inapanda ofisi za usimamizi wa dhehebu, sehemu inapanda ofisi za serikali, na kila mwaka amri ya gavana inaeleza nani achukue nini. Anayebaki chini kabisa ya ngazi hiyo anachukua kilichobaki.

Vita vya 1998 mpaka 2003 viliongeza jambo lingine. Kindu ilianguka mwezi wa kumi 1998 na Maniema yetu ikawa chini ya RCD-Goma, huku Mai-Mai wakishika vijiji na misitu. Mishahara ya Kinshasa haikuvuka mstari wa mapigano. Miaka ile yote, kutoka prefe hadi zamu, hakuna aliyelipwa na mwingine isipokuwa mzazi, na mzazi mwenyewe alikuwa anakimbia kulala porini. Zamu wa usiku alibaki na mabati, mbao za madawati, vitabu vya majina na mhuri, vitu ambavyo askari wa pande zote walivipenda kwa sababu mbalimbali, mbao hasa kwa kupikia. Nikisikia watu wakisema plantoni hana kazi nafikiria usiku wa namna hiyo.

Mimi kazi hii niliifanya. Baada ya kupata diploma ya Serikali, na kabla ya kupata pesa za kwenda kusomea uandishi wa habari, nilikuwa msaidizi wa nusu siku katika sekondari moja ya mji wetu kwa miaka miwili ya masomo. Karibu mwaka 2010. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilifungua, nilifagia ofisi ya prefe na ya direkta wa nidhamu, niliweka maji kwenye ndoo, nikagonga rimu saa moja na nusu watoto wapange mistari mbele ya bendera. Kisha kitabu cha wasiokuwapo, darasa kwa darasa. Kisha barua: ofisi ya usimamizi wa dhehebu, ofisi ya serikali ya elimu, inspeksio, na kila mahali unasubiri mhuri wa kupokea. Hakuna aliyenifundisha kwamba mhuri wa kupokea ndio kazi yenyewe, na barua bila mhuri ni sawa na barua isiyokwenda. Nilijifunza kwa kutembea.

Wakati wa mitihani kazi ilikuwa nyingine. Kizazi cha kabla yangu walipiga maswali kwenye stensili na kuyazungusha kwenye roneo, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Yule aliyezungusha roneo aliona maswali yote ya shule nzima kabla ya wanafunzi, naye alikuwa mtu wa malipo madogo kuliko wote. Sisi tulikuta kompyuta moja, jenereta na foto-kopi inayokunywa wino kama samaki, lakini siri ilikuwa ile ile. Mtu anayeaminiwa na mitihani ya wanafunzi wote hakuwa na barua ya kazi. Nilikuwa na neno la mdomo: faranga 12,000 kwa mwezi, nusu siku, jumapili kupumzika.

Nilikuja kuelewa maana ya neno hilo mwezi wa kumi na moja. Wazazi wa Kasongo wanalipa wakati mpunga na karanga vimeuzwa, si wakati kalenda ya shule inataka. Mwezi wa kumi na moja mfuko ulikuwa mtupu. Prefe akaandika orodha ya wasiolipa, na kazi ya kusimama mlangoni na orodha hiyo ilikuwa ya nani? Ya msaidizi. Nilisoma majina, watoto wakatoka kwenye mstari, wakarudi nyumbani na mifuko yao mgongoni. Kila mmoja aliyegeuka alikuwa kipande cha mshahara wangu kinachotembea kwenda mbali. Wengine walirudi baada ya siku tatu na pesa, wengine baada ya wiki, wengine hawakurudi, na wasichana walikuwa wengi kati ya hao. Mzee mmoja wa zamu, aliyekuwa na mtoto pale pale, alikuwa na jina la mtoto wake kwenye orodha. Alikatwa minervali kutoka kwenye malipo ambayo hayajalipwa. Hesabu hiyo mpaka leo sijui mwalimu gani wa hesabu angeieleza.

Katika miezi kumi ya mwaka wa masomo nililipwa sita kamili, miwili nusu, miwili hapana. Sikufukuzwa wala sikudhulumiwa kwa makusudi. Prefe mwenyewe alikuwa N.U. wakati ule.

Elimu ya bure ya msingi imeandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, na sheria ya elimu ya Februari 2014 ikarudia. Ilipoanza kutekelezwa mwezi wa tisa 2019 tulitangaza kwa furaha, na furaha ilikuwa ya haki: katika madarasa mengi ya msingi watoto walijaa mpaka chini ya madirisha. Lakini sekondari ilibaki nje. Hapo plantoni wa sekondari akapatwa na mambo mawili kwa pamoja. Serikali ikaelekeza nguvu zake za mishahara kwanza kwa walimu wa msingi, kwa sababu ndiko ilikoahidi. Na wazazi wengi wakasikia neno bure wakalielewa kuwa bure yote. Mpaka leo wako wanaokuja kwenye mlango wa sekondari na kusema kwamba Rais alisema hakuna kulipa. Anayeeleza tofauti mlangoni ni plantoni.

Halafu korona. Tarehe 18 Machi 2020 Rais alitangaza hatua za kufunga, na shule zote za nchi zikafungwa. Mwalimu mekanize aliendelea kupata mshahara nyumbani. N.U. na plantoni hawakupata, kwa sababu mtoto asiyekuja shuleni hailipi shule. Madarasa ya mwisho yalirudi mwezi wa nane kujiandaa na Exetat, kisha Desemba shule zikafungwa tena mpaka Februari 2021. Zamu peke yake hakufungwa. Majengo matupu yanahitaji ulinzi kuliko yaliyojaa. Kulinda bila malipo kulikuwa ndiyo kazi yake ya mwaka ule.

Kabambare wana sura yao tofauti, na mara nyingi tunaandika kama kwamba teritwari zote mbili ni kitu kimoja. Kule kuna dhahabu. Upande wa Salamabila kuna mgodi wa Namoya, ambao kampuni ya Banro iliufanya mgodi wa kiviwanda, na kuna wachimbaji wadogo pande zote. Kijana mwenye diploma ambaye Kasongo angekubali kuwa msaidizi wa nusu siku, Kabambare anashuka shimoni. Siku moja nzuri shimoni inaweza kumpa zaidi ya miezi kadhaa ya kengele. Siku mbaya inaweza kumzika. Kwa hiyo plantoni wa Kabambare mara nyingi ni mzee, au mtu mwenye ulemavu, au mjane anayefagia asubuhi. Na pale ambapo Mai-Mai Malaika na jeshi walipambana karibu na mgodi, shule kadhaa zilifunga, watu wakahama, na shule isiyo na wanafunzi haina minervali. Ni hesabu ile ile ya korona, isipokuwa hakuna Rais aliyetangaza tarehe ya kufunga wala ya kufungua.

Kuna wanaosema suluhisho ni kumtoa plantoni kabisa, wanafunzi wafanye salongo kama zamani. Nimesikia hoja hiyo kwenye kipindi chetu na sikubaliani nayo. Wanafunzi wanaweza kufagia darasa, na ni vizuri wafagie. Hawawezi kulala shuleni usiku, hawawezi kubeba fishi za wenzao kwenda ofisini, wala kuwekewa ufunguo wa kabati la mitihani. Wengine wanasema dhehebu lichukue mzigo wake kama enzi za misioni. Dhehebu lina mkataba, halina ruzuku ile, na shule za mkataba, za Kikatoliki, za Kiprotestanti au za Kiislamu, zinaishi kwa mfuko mmoja wa mzazi. Mimi naona aliyeandika kwenye karatasi kwamba shule ni yake ndiye anayedaiwa, na karatasi hizo zina mhuri wa serikali tangu 1974, mkataba wa 1977 haukuufuta.

Kwa sasa, kwa plantoni, zamu na wasaidizi wa karani wanaosoma hapa au wanaosomewa na watoto wao, yako mambo ya kufanya kabla ya hesabu nyingine ya watumishi kupita. Omba barua ya kupangiwa kazi, ile tunayoita komisio, iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kadi ya uchaguzi, herufi kwa herufi. Omba prosè-verbali ya kuanza kazi, yenye tarehe na saini ya prefe. Hakikisha shule yako ina arete ya kutambuliwa, kwa sababu shule isiyotambuliwa haiwezi kumwingiza mtu kwenye mashine hata akiwa na miaka ishirini ya kazi. Hakikisha jina lako liko kwenye orodha ya watumishi ambayo prefe anapeleka kila mwanzo wa mwaka, siyo mwalimu tu. Tengeneza nakala mbili, moja iache nyumbani kwa mtu unayemwamini, mbali na nyasi za paa na mbali na shule.

Na ukizipeleka wewe mwenyewe ofisini, usiondoke bila mhuri wa kupokea.